Unasota benchi? Mcheki Bob Uecker

Wadau, hii ni ya wanaosugua benchi, iwe mpirani au kazini. Mimi nilikuwa kipa wa tatu timu ya daraja la chini huko mkoani, mechi naangalia nimevaa trakisuti mwanzo mwisho, so siongei nadharia.

Bob Uecker alizaliwa Milwaukee, Marekani, akawa mdakaji wa besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kavaa mask. Ligi kuu kacheza 1962 hadi 1967, Braves, Cardinals, Phillies, akarudi tena Braves, na miaka yote hiyo wastani wake wa kupiga .200, yaani akienda mara kumi anapatia mbili, home run (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja) 14 basi. 1967 akawa anamdakia Phil Niekro, mrushaji wa Braves, huyo mpira wake hauzunguki, unayumba tu hewani hata mwenyewe hajui unaishia wapi, sasa mdakaji afanyeje, ikawa inampita tu. Uecker akasema dawa ni kusubiri uache kubingirika halafu unauokota 😂 Kipa yeyote aliyewahi kufungwa goli la kizembe anaelewa.

1964 Cardinals wako fainali, yeye hachezi, bendi wakaacha tarumbeta lao kubwa uwanjani, jamaa kalibeba anadakia mipira kwenye mdomo wa hilo tarumbeta, watu hawana mbavu. Utani huohuo ndio ukaja kumlisha. 1971 akaanza kutangaza mechi za Brewers redioni, hakuacha mpaka 2024, Januari 2025 akafariki akiwa na miaka 90. Na 2003 alishapewa tuzo ya Ford C. Frick, ile kubwa ya watangazaji wa besiboli.

Ila msidhani ni vichekesho tu. Mdakaji ndo pekee anayeuona uwanja wote mbele yake, kwahiyo mchezo aliujua kuliko waliokuwa wanampita kwa kupiga.

Kwahiyo ukiwa benchi fanya kazi. Mimi nilikuwa namwandikia kocha nani kachoka, beki gani anageuka taratibu, na mapumziko naenda kukaa karibu na mtangazaji wa uwanjani mpaka akanizoea akaniachia maiki. Leo natangaza ndondo, na hela ya ndondo ni zaidi ya posho niliyokuwa napewa kule (ilipokuwa inatoka). Na usiondoke kwa matusi jamani, aliyenipigia simu mara ya kwanza nikatangaze ni kocha yuleyule aliyekuwa hanipangi.