Semina au mfanye wenyewe?

Mkuu, umeuliza kama uwapeleke semina ya siku mbili keshia na kijana wa stoo maana hawasalimiani. Aisee hiyo hela tulia nayo kwanza. Mimi nina duka la spea hapa Majengo Dodoma, nilishawapeleka wangu, wakala chapati wakanywa soda wakarudi vilevile. Kilichosaidia ni Jumamosi kabla hatujafungua, dakika 20 tu, tunachukua ugomvi wa wiki hiyo hiyo na watu wanabadilishana nafasi. Keshia akaingia stoo kutafuta beringi huku mteja anafoka nje, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope, tangu siku hiyo sijamsikia akimwita mwenzie mvivu. Wafundishe kusema kitu chenyewe, yaani "jana risiti haikuwa na idadi nikarudi mara mbili", sio "wewe huwa hujali". Ila supavaiza wako aanze yeye, wangu alikuwa anasikiliza upande mmoja (wa shemeji yake, ndo hivyo). Na usimfukuze mtu kwa hasira, ana siku 30 za kukupeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wale wa migogoro ya kazi), kwa hiyo kila kikao andika kwenye daftari wasaini.