Jaribio Ambalo Hujaliona Likifeli Usiliamini

Mhandisi kijana anayeingia katika kazi hii ya kuhakiki chipu maalumu akiniuliza aanzie wapi, humwambia ajifunze kwanza kulitilia shaka jaribio lililofaulu. Kasoro ya programu hurekebishwa hata baada ya kumfikia mteja, lakini sakiti ikishachapwa kwenye silikoni haibadiliki, na kuirudia ni kutengeneza upya violezo vya kiwandani kwa mamilioni ya dola na miezi ya kusubiri. Prosesa ya Pentium, ambayo kasoro yake ilifichuka mwaka 1994, ilikosea kugawanya baadhi ya namba kwa sababu nafasi 5 za jedwali lake la ndani zilikuwa na sifuri mahali pa 2, na kosa hilo liliigharimu Intel, kampuni iliyoitengeneza, dola milioni 475.

Katika mradi mmoja nilikabidhiwa moduli, yaani sehemu moja ya chipu, yenye foleni ya nafasi 16 ambamo data husubiri zamu yake. Ripoti ilionyesha kwamba kila hali iliyopangwa ilikuwa imepitiwa, asilimia 100, na wasanifu walitaka tuipitishe. Kabla ya kutia sahihi niliifuta, kwenye nakala yangu, ishara inayozuia kuandika foleni inapojaa, nikaendesha majaribio yote usiku kucha. Asubuhi yote yalikuwa yamefaulu. Nilishtuka sana. Tulipochunguza tukakuta kwamba kilinganishi, yaani sehemu inayolinganisha data iliyoingia na iliyotoka, kilikuwa kikizimika moduli inapowashwa upya, wala hakuna mstari uliokiwasha tena. Tulipokirekebisha, kasoro ya kweli ikajitokeza: foleni iliyojaa ikisomwa na kuandikwa katika mpigo mmoja wa saa ya ndani inayoongoza hatua za chipu, data mpya ilipotea.

Tangu hapo, kila moduli ninayoisimamia hutiwa kasoro za makusudi, na isiyonaswa huhesabiwa kuwa pengo letu sisi wahakiki. Vilevile husoma maelezo ya usanifu peke yangu na kuandika mpango wa majaribio kabla ya kuzungumza na msanifu, kwa kuwa nikimsikiliza kwanza, alichokielewa vibaya nami nitakielewa hivyo hivyo, na majaribio yangu yatakubaliana na kosa lake.

Chukua moduli uliyoipitisha wiki iliyopita, uharibu mstari mmoja tu kwenye nakala yako, kisha uendeshe majaribio leo usiku.