Jibu: Kobe mdogo anaota vinundu kwenye gamba, nimjengee banda gani?

Ndugu, umesema uko Mwanza na unamfuga kwenye beseni la plastiki: hilo beseni ndilo tatizo. Kobe wa sentimita 6 akikaa pakavu gamba huota vinundu, na vikishaota havirudi chini. Unachoweza ni kuzuia vipya.

Tengeneza boksi la mbao, mita 1.2 kwa sentimita 60, kuta sentimita 35. Usitumie wavu ubavuni: akiona nje atasukuma kutwa nzima. Wavu uweke juu, maana kunguru wa Mwanza hawana huruma. Chini jaza udongo sehemu mbili na mchanga sehemu moja, kina sentimita 10. Mchanga mtupu wa ziwani hapana, akiumeza unaziba utumbo. Kona moja inyunyizie maji kila siku, ufunike kwa nusu ya chungu kilichovunjika. Humo ndimo atakamolala.

Jua la asubuhi lazima, tena si la kupitia kioo, ila nusu ya banda iwe kivulini. Usiliegemeze kwenye jabali: mchana linawaka kama kikaango.

Maji, sahani yenye kina cha sentimita 2. Chakula nyasi na majani ya hibiskasi, mchicha kidogo tu. Ugali na dagaa, acha kabisa.

Siafu je? Kagua kila jioni.