Usilipe hoteli hiyo ya Stockholm kabla hujafungua kalenda ya Juni

Mkuu, usilipe. Kama ukurasa wa hoteli bado uko wazi kwenye simu yako, ufunge kwanza usome hapa.

Umeandika kwamba wewe na shemeji mnatua Stockholm Ijumaa tarehe 19 Juni na kuondoka Jumatatu tarehe 22, mkitokea Leicester. Umepata hoteli katikati ya mji kwa nusu ya bei ya kawaida, ila ni ile isiyorudisha pesa. Unauliza mkae mtaa gani, mvae nini, kadi ya utalii (ile ya kulipa mara moja ukaingia sehemu nyingi) inalipa au hailipi, chakula cha halali kinapatikana wapi, na kama mnaweza kuunganisha na Oslo. Wadau hapo juu wameshakujazia habari za makoti na mitaa. Hakuna hata mmoja aliyeitazama hiyo tarehe, na tarehe ndiyo itakayokula pesa yako.

Ijumaa hiyo ni mkesha wa Midsommar, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Kwa Waswidi hiyo ni siku kubwa, ukiondoa Krismasi sijui ipi inaifikia. Na hawaisherehekei mjini. Watu wa Stockholm wanafunga ofisi, wanapakia magari, wanakwenda mashambani na visiwani kwenye nyumba ndogo za mbao za familia zao. Huko ndiko wanakosimamisha nguzo iliyovikwa majani na maua, wanaizunguka wakicheza, wanakula samaki waliolowekwa kwenye siki pamoja na viazi vipya na stroberi. Mji wanauacha. Ndiyo maana hoteli yako ni rahisi: wanaokuja kikazi, ambao ndio hujaza vyumba vile wiki za kawaida, wiki hiyo hawapo. Ile bei uliyoifurahia ndiyo ilitakiwa ikushtue.

Sasa hesabu siku zako. Ijumaa ni mkesha: maduka mengi na migahawa mingi imefungwa, na inayofungua inafunga mapema. Jumamosi ndiyo sikukuu yenyewe kisheria. Jumapili wenyeji bado wako shambani. Jumatatu mji unaamka, lakini makumbusho mawili makubwa ya sanaa, Nationalmuseum na Moderna Museet, Jumatatu hayafungui. Na mchana wa siku hiyo hiyo mnatakiwa muwe njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Arlanda. Siku nne, na kila moja ina kufuli lake.

Ratiba hii hii niliuziwa mimi. Kuna wakala wa safari hapa Uingereza, mtu wa kwetu kabisa, anayejitangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki. Simtaji, lakini wenye makundi hayo wanamjua. Alituambia Juni ndiyo yenyewe, jua halizami, hoteli zimeshuka bei, twende na watoto wikiendi ndefu. Nilimuuliza wazi: kuna sikukuu yoyote hapo? Akanijibu ameangalia orodha ya sikukuu za Uswidi, ni Jumamosi tu, tutapoteza siku moja.

Hapo ndipo pa kuchukia, kwa sababu orodha aliyoiangalia haikukosea. Kisheria siku ya mapumziko ni Jumamosi. Mkesha wake haumo kwenye orodha ile, kwa hiyo ukiisoma kama anavyoisoma mtu anayetaka kamisheni, Ijumaa inaonekana siku ya kazi kama nyingine. Lakini kwa desturi na kwa makubaliano ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, karibu nchi nzima inapumzika siku hiyo, na sherehe yote iko siku hiyo. Tangu 1953 mkesha umewekwa Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25 Juni, kwa hiyo unahama kila mwaka. Mtu anayeuza safari za Stockholm na hajui hili hana haki ya kupokea hela ya mtu.

Tulitembea Drottninggatan, ule mtaa mrefu wa maduka, mlango baada ya mlango umeshushwa pazia la chuma. Gamla Stan, mji wa kale, kulikuwa na maduka machache ya zawadi yanayouza kofia zenye pembe. Mtoto wetu mdogo analilia maziwa, na duka la vyakula tulilolipata lilikuwa limebandika karatasi mlangoni kwamba limeshafunga tangu mchana. Mke wangu hakusema kitu, na ninyi mlio kwenye ndoa mnajua kimya cha namna hiyo.

Kilichotuokoa ni swala ya Ijumaa. Msikiti mkuu wa Stockholm uko Medborgarplatsen, upande wa Södermalm, kwenye jengo lililokuwa kituo cha umeme. Lilichorwa na msanifu Ferdinand Boberg mwanzoni mwa karne iliyopita, na msikiti ukafunguliwa humo mwaka 2000. Baada ya swala mzee mmoja Msomali akatuona na watoto na mabegi, akauliza tumekula wapi. Tulipomwambia bado, akasema: "Leo mji umehama. Nendeni Rinkeby." Tukapanda treni ya chini ya ardhi, ile ya rangi ya bluu, hadi Rinkeby, na huko maisha yalikuwa yanaendelea: Wasomali wengi, wali, nyama ya mbuzi, ndizi pembeni ya sahani. Hapo ndipo familia yangu ilipokula chakula cha kwanza cha moto Uswidi. Kwa hiyo la halali nimekujibu, na ulishike, kwa sababu Ijumaa ile usitegemee mgahawa wa katikati ya mji.

Nilimpigia wakala jioni. Unajua alinijibu nini? "Si mmeona mji ukiwa umetulia?" Mpaka leo nikiona tangazo lake linapita kwenye kundi huwa naandika chini yake: muulizeni tarehe.

Utasema basi mngeongeza siku mbili. Hapo ndipo gharama ilipo, na hapo ndipo wewe na pasi yako mnapotakiwa kuwa makini kuliko Mwingereza aliyekushauri kwamba "utaona ukifika". Sisi tunaoishi Uingereza na pasi za Afrika Mashariki tunaingia Uswidi kwa visa ya Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ubalozi unaangalia ratiba, hoteli, bima ya afya isiyopungua euro 30,000 na barua ya kazi, kisha idadi ya siku za kukaa inaandikwa kwenye stika ya visa ndani ya pasi kufuata ulichoomba. Ukiomba siku nne za sikukuu, umepewa siku nne za sikukuu. Ada ya ombi ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi, ukiweka juu yake gharama za kituo cha kupokea maombi, nauli ya kwenda kutoa alama za vidole na siku ya kazi uliyoikosa. Mwingereza akikosea tarehe amepoteza wikiendi. Wewe ukikosea umepoteza ombi zima, na kuanza upya ni kulipa upya.

Hukusema kama visa umeshapata. Kama bado, badilisha tarehe kabla hujaomba. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na ubalozi unahitaji kuona nafasi uliyoshika hotelini, hauhitaji uwe umelipa bila kurudishiwa. Shika hoteli inayokubali kufutwa, hata kama ni ghali kidogo, mpaka stika iwe mkononi. Kama umeshapata, itazame vizuri. Kuna tarehe ya mwanzo, tarehe ya mwisho, na idadi ya siku. Kanuni za Schengen kwa kawaida huacha siku 15 za ziada kati ya tarehe hizo, kwa hiyo huenda ukaweza kusogeza safari nzima wiki moja mbele bila kuomba tena, mradi siku za kukaa usizidishe. Hili wakala wetu hakulijua pia. Nililisoma mwenyewe baada ya kurudi.

Kanuni yangu ni hii, na nitairudia kwenye kila uzi wa Skandinavia utakaofunguliwa humu: tazama mkesha kwanza, kisha sikukuu yenyewe, kisha Jumatatu, ndipo uangalie bei. Sisi tumezoea sikukuu iwe siku yake. Krismasi ni tarehe 25, mkesha ni kwaya na kupika. Kule mlo mkubwa na zawadi ni jioni ya tarehe 24, Uswidi, Norwei na Denmark zote, na mtalii anayetua mchana wa siku hiyo akidhani sikukuu ni kesho anakuta mji umeshaingia ndani na kufunga milango. Isitoshe Desemba jua la Stockholm linazama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo ukipoteza asubuhi umepoteza siku. Pasaka nayo, Norwei na Denmark mapumziko yanaanza Alhamisi, sio Ijumaa Kuu kama kwetu.

Na huyo mdau aliyekwambia uunganishe na Oslo ukaone meli za Vikingi: jumba la meli hizo pale Bygdøy lilifungwa mwaka 2022 kwa ujenzi mkubwa wa jumba jipya. Usimpeleke mtu huko mpaka uone tangazo lao wenyewe kwamba limefunguliwa. Oslo maduka mengi hayafungui Jumapili, ni sheria. Tarehe 17 Mei, sikukuu yao ya taifa, watoto wa shule wanaandamana na bendera kupita mtaa wa Karl Johans gate hadi ikulu, ni siku nzuri sana kuwa pale ukijua ulichofuata, na ni siku mbaya ukitaka dirisha la duka. Copenhagen, ile bustani ya Tivoli ya tangu 1843 inafungua kwa misimu, na katikati ya msimu mmoja na mwingine geti limefungwa. Watu wanapanga safari nzima kwa ajili ya Tivoli bila kuangalia. Kanuni ni ile ile.

Kama umeshalipa na hakuna namna, msilale hotelini kununa. Ijumaa nendeni Skansen, jumba la makumbusho la wazi lililofunguliwa mwaka 1891 kwenye kisiwa cha Djurgården. Pale ndipo Midsommar inasherehekewa mbele ya watu wote, nguzo inasimamishwa na mgeni anaruhusiwa kucheza. Kivuko cha kutoka Slussen hadi Djurgården kinatumia tiketi ile ile ya mabasi na treni za mji. Jumamosi zungukeni vituo vya treni za chini ya ardhi, hasa vya njia ya bluu: Kungsträdgården, T-Centralen, Solna centrum. Vimechongwa ndani ya mwamba na kuchorwa kuta hadi dari, gharama ni tiketi tu, ila treni zitakuwa chache kuliko kawaida. Jua linazama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kama saa tisa na nusu, kwa hiyo muda wa kutembea mnao mwingi (nyakati za Isha na Alfajiri fuateni ratiba ya msikiti, msibahatishe).

Jumatatu asubuhi iwekeni Vasa, makumbusho ya meli, kwa sababu hiyo inafungua hata Jumatatu, na Juni hufungua saa mbili na nusu. Meli ya kivita ya mfalme, ilizama mwaka 1628 kwenye safari yake ya kwanza kabisa, haijamaliza hata kilomita mbili, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Wakaiopoa mwaka 1961, na leo imesimama karibu yote ndani ya jumba moja. Sisi tuliiona kwa haraka na mabegi mgongoni, na bado mwanangu mkubwa anaichora.

Kadi ya utalii inahesabu siku tangu unapoitumia mara ya kwanza. Usiianzishe Ijumaa hiyo, tafadhali.

Ila kama bado hujalipa, sogeza iwe Jumanne tarehe 9 hadi Ijumaa tarehe 12 Juni. Mwanga ni karibu ule ule, makumbusho yako wazi, wenyeji wapo mjini, na hoteli itakuwa imepanda. Lipa hiyo ziada. Hiyo ndiyo bei ya kuukuta mji ukiwa na watu wake.

Na kama nyuma ya hiyo ofa kuna wakala, mwandikie leo, kwa maandishi, sio kwa simu: Ijumaa tarehe 19 ni siku gani Uswidi, nini kitakuwa wazi, na nikifuta leo narudishiwa kiasi gani. Weka majibu yake hapa tuyaone.