Chapa ya Kijapani ni kazi ya nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwenye kalenda niliyozawadiwa mna picha ya lango jekundu katika dhoruba ya theluji, na mtu anayepita mbele yake akijikinga kwa mwavuli. Chini pameandikwa “Kawase Hasui, 1925”. Rafiki yangu anasema Hasui hakuichonga wala kuichapa picha hiyo yeye mwenyewe. Ikiwa ni kweli, mbona jina ni lake peke yake? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Rafiki yako hakukosea. Hiyo ni chapa, yaani picha inayochapwa karatasini kwa mbao zilizochongwa, ya hekalu la Zōjō-ji, eneo la Shiba mjini Tokyo, na Hasui aliichora tu. Desturi yake ilikuwa kuzunguka mikoani na daftari, kisha kuandaa mchoro wa rangi ambao mchapishaji wake, Watanabe Shōzaburō, aliugharimia na kuukabidhi kwa mafundi. Mchongaji alibandika karatasi nyembamba yenye mchoro juu ya ubao wa mcheri, uso wa karatasi ukielekea chini, akachimba mbao na kuacha mistari imeinuka. Mbao nyingine zilichongwa kwa ajili ya rangi. Mchapaji naye alipaka rangi ubaoni kwa brashi, akalaza karatasi yenye unyevu akiilinganisha na alama zilizochongwa pembeni, halafu akaisugua mgongoni kwa bareni, kifaa cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi.

Wachoraji mashuhuri wa Japani, Hokusai na Hiroshige, walifanya kazi kwa utaratibu huohuo katika karne ya 19. Watanabe aliuhuisha kwa mtindo ulioitwa shin-hanga, yaani chapa mpya. Jina la mchoraji lilitangulia kwa sababu wazo na jicho vilikuwa vyake. Hata hivyo, kwa maoni yangu mchapaji amepunjwa. Mbingu za jioni ambazo Hasui husifiwa kwazo, zile zinazofifia polepole kutoka buluu nzito hadi weupe, hazikuchongwa popote: mchapaji ndiye aliyezipata kwa kutandaza rangi na maji kwenye ubao ulio bapa, upya kwa kila nakala. Wajapani huiita mbinu hiyo bokashi.

Ukitaka ushahidi, tazama mashua za tanga alizochora Yoshida Hiroshi, mchoraji mwingine wa chapa, mwaka 1926. Yoshida alikuwa ameanzisha karakana yake mwenyewe na kuwasimamia mafundi kwa ukali, nami nadhani alifanya hivyo kwa kuwa alijua uzito wa hatua hii ya kuchapa. Kwa kubadili rangi tu juu ya mbao zilezile, mashua hizo zikawa za asubuhi, za alasiri, za ukungu na za usiku.

Wapo waliokataa mgawanyo huo wa kazi. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa chapa ya mvuvi aliyoichora, akaichonga na kuichapa peke yake, na kundi zima likafuata njia hiyo.

Tetemeko la ardhi la Septemba 1923, pamoja na moto uliofuata, viliteketeza mbao za Watanabe na madaftari ya Hasui. Ndiyo maana chapa za Hasui za kabla ya hapo ni adimu. Kalenda yako imechapwa kwa mashine, hivyo haitakuonyesha mkono wa fundi. Ukibahatika kushika chapa halisi, igeuze: mara nyingi utaona rangi iliyopenya hadi nyuma, na michirizo ya bareni ilipopita.