Mtoto analia kila asubuhi ya shule: tiba kwa vitendo inasaidiaje?

Pole sana, dada uliyeniandikia kwamba mwanao wa darasa la pili hulia na kuumwa tumbo kila siku ya shule, na Jumamosi huwa mzima kabisa. Mtoto wa hivyo hadeki. Mpeleke kwanza hospitali tumbo lipimwe. Likikutwa salama, ulizia mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanasomesha fani hiyo.

Mtaalamu huyo hatamkalisha tu mwanao amuulize anaogopa nini. Ataangalia siku yake ilivyo: kuvaa, kula, kutoka nyumbani, paredi. Umeandika kwamba huziba masikio kengele ikilia na hulikataa sweta la shule. Mimi ningeanzia hapo. Wapo watoto ambao kelele na nguo za kukwaruza huwachosha hata kabla somo halijaanza, na hofu huzidi. Kazi za kusukuma, kuvuta na kubeba huweza kuwatuliza baadhi yao: jioni akande unga wa chapati, asubuhi abebe kidumu cha maji kinacholingana na umri wake kabla ya kuvaa sare. Mchoreeni pia ratiba ya asubuhi kwa picha, ajue kinachofuata.

Shuleni msimlazimishe yote kwa mkupuo. Mwombe mwalimu mtoto asimame mwisho wa mstari, mbali na kengele, kisha asogezwe taratibu. Fimbo kwa sababu ya machozi, ikatae waziwazi.

Akiacha kula au kulala, au akisema hataki kuishi, usingoje miadi: mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.