Maswali 20 ya aina moja

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Tukimaliza Sheria ya Ohm, nawapa wanafunzi maswali 20 na karibu wote wanapata. Wiki mbili baadaye, kwenye mtihani uliochanganya mada, hawajui hata waanzie wapi. Tatizo ni nini?

JIBU: Tatizo ni hayo maswali 20. Yote yanataka V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani), kwa hiyo kufikia la tatu mwanafunzi hachagui tena kanuni, anabadilisha namba tu. Mtihani unamtaka achague, jambo ambalo hajalifanyia mazoezi hata mara moja.

Siku ya somo toa 6 tu. Mawili yawe yamekokotolewa hadi mwisho, naye aeleze kwa nini kila hatua imefuata. Mawili yakose hatua ya mwisho, aikamilishe. Mawili afanye mwenyewe. Yale 14 yaahirishe: 4 baada ya siku mbili, 5 baada ya wiki, 5 baada ya wiki mbili, kila mara yakichanganywa na ya P = VI (nguvu ya umeme) na Q = It (chaji). Kabla ya kukokotoa aandike anatumia kanuni gani na kwa nini. Hapo ndipo penye somo lenyewe.

Kusoma upya hakutoshi. Katika utafiti wa mwaka 2006, wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu: wengine wakakisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki walikumbuka asilimia 42, wenzao asilimia 56. Ndiyo maana wanafunzi wako wanasema wanaelewa, na wanasema kweli, ila ni kwa siku ile tu.

Alama zitashuka mwanzoni. Usirudi nyuma kwa sababu hiyo. Lakini wakikosa zaidi ya nusu, umeachanisha mno: punguza siku. Na majibu sahihi wayapate kipindi hichohicho, kosa lisije likazoeleka.

SWALI: Natengeneza programu ya simu ya kufundishia umeme. Sauti inasoma maandishi yote yaliyo chini ya mchoro, lakini wanaoijaribu wanasema inachosha.

JIBU: Yaondoe maandishi hayo. Macho hayawezi kusoma na kufuata mchoro kwa wakati mmoja, na kasi ya kusoma hailingani na ya sauti. Bakiza istilahi mpya na kanuni, ukiziandika palepale kwenye sehemu inayohusika. Asiyesikia vizuri, au anayejifunza kwa lugha ngeni, awe na kitufe cha kuyarudisha.

Mchoro usicheze kabla mtumiaji hajabashiri. Mwonyeshe globu mbili zilizounganishwa mfululizo, umuulize: amita (kipimo cha mkondo) iliyo baada ya globu itasoma chini ya ile iliyo kabla? Wengi hujibu ndiyo, wakidhani globu "hula" mkondo. Akishaandika jibu ndipo aone amita zote zikisoma sawa. Akitazama tu bila kubashiri, dhana yake haiguswi.